Sahani Niliyoimwaga kwa Mama Zaina

Nakumbuka Ijumaa moja ya wakati wa vita, mwanangu, nilipomwaga chakula cha watu nyuma ya nyumba yao, nikajifuta mikono kwa kitenge na kurudi kuketi kama mtu aliyeshiba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nakuandikia wewe uliyeambiwa na daktari kwamba tumbo lako halipatani na ngano, kwa sababu nimesikia umeanza kula peke yako chumbani. Hapo ndipo mimi nilipoanzia.

Wazazi wangu walikuwa Butembo. Nami nilikuwa hapa Kisangani kwa tonton, ndugu ya mama yangu, aliyekuwa akiuza chumvi na vitenge katika mtaa wa Makiso. Nilikuja kwa likizo tu. Barabara ikafungwa, mto nao ukafungwa, likizo ikawa miaka. Tonton alikuwa mtu mwema, lakini wema wa mtu mwenye watoto saba haugawanyiki vizuri.

Tangu utoto nilikuwa mwembamba, tumbo limevimba, nikila mkate naharisha. Nyumbani waliita minyoo. Vita vilipotufikisha kwenye chakula cha msaada, tukawa tunakula bulguri, ile ngano iliyopondwapondwa, asubuhi na jioni, na mwili wangu ukaanza kuisha. Daktari mmoja mzee, aliyekuwa tayari anafunga mizigo yake aondoke, alinitazama macho na kucha, akaniuliza maswali mengi juu ya chakula. Akasema hana chombo cha kuhakikisha, ila niache ngano yote kwa miezi miwili nijionee. Jina la ugonjwa akaniandikia kwenye karatasi, seliaki, akaniachia na kamusi yake ya udaktari ya Kifaransa. Baada ya miezi miwili nilikuwa na mashavu. Yeye alikuwa ameshaondoka. Sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Basi nikajifundisha mwenyewe. Nilichora daftari kwa rula, mistari mitatu. Mstari wa kwanza chakula kisichodhuru: wali, makemba, yaani ndizi za kupika, muhogo, mahindi, maharagwe, samaki, karanga, sombe ya majani ya muhogo. Wa pili chakula kibaya: mkate, mikate ya kukaanga, makaroni, biskuti, bulguri, bia. Mstari wa tatu niliuandika “sijui”, na huo ndio uliokuwa ukirefuka kila siku. Kinu kilichosaga muhogo baada ya kusaga ngano: sijui. Mafuta yaliyokaanga mikate kisha yakakaanga samaki: sijui. Mwiko wa mke wa tonton: sijui. Nilikuwa na haki kwa sehemu, maana hata chembe ndogo huumiza. Lakini woga hauna kipimo, mwanangu. Nilikuwa naosha sufuria yangu mara tatu, na nikipotewa na hesabu naanza upya tangu mwanzo.

Na sikumwambia mtu. Msichana mwenye ugonjwa wa jina la Kifaransa, nani angekuja kumposa? Tena wakati ule wa njaa, kusema “mimi sili mkate” kungekuwa kama kuwatukana watu. Wangesema najifanya mzungu. Wazee walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliusikia usemi huo nikadhani unahusu wagonjwa wengine.

Jirani yetu alikuwa Mama Zaina, mjane Mwislamu wa zile familia za zamani za mji huu. Alikuwa akikaanga mikate penye kona, pale waendesha baiskeli za toleka walipokuwa wakingojea abiria. Yeye ndiye wa kwanza kuona kwamba nilikuwa peke yangu.

“Mutoto ya Butembo,” alikuwa akiniita, “wewe iko mwembamba hivi, siku moja upepo itakupeleka kwenu bila barabara.”

Na alikuwa akinipa mikate miwili, bado moto. Nilishukuru kwa mikono miwili, nikapinda kona, nikampa mwingine. Unaona, uongo wangu kwake ulianza kabla ya ile Ijumaa.

Majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji, bombu liliangukia nyumba ya kaka yake likamuua. Siku ya arobaini, ndiyo ile Ijumaa, wakasoma dua, kisha chakula kikaletwa. Mchele haukutosha, kwa hiyo aliuchanganya na bulguri. Niliziona zile chembe za kahawia kabla sahani haijanifikia. Aliileta mwenyewe, mbele ya mawifi zake, na juu yake aliweka kipande cha samaki ambacho wengine hawakupata.

“Kula, mutoto yangu. Leo utakula mbele yangu, nione.”

Ningeweza kusema maneno manne tu: ngano inaniumiza tumbo, mama. Badala yake nilitabasamu, nikapokea, nikasema ndani kuna joto, nitakula nje. Nyuma ya jiko kulikuwa na migomba. Nikaimwaga sahani pale, pamoja na kile kipande cha samaki, nikafunika kwa majani. Nilipoinuka, yaya Bea, kama tunavyomwita dada mkubwa, jirani yetu mwingine, alikuwa anatoka msalani. Alinitazama, akayatazama majani, akaingia ndani.

Wewe ni wa mji huu, unajua maana yake. Mtu anaweza kukataa chakula kwa heshima, akasema amefunga, akasema anaumwa. Lakini kupokea kwa mikono miwili kisha kumwaga kwa siri, hapo umeshasema kwamba ndani mna kitu, sumu au uchawi. Haikupita wiki, mzee mmoja aliyekula kwenye ile arobaini akafa kwa homa, homa aliyokuja nayo siku ile ile. Yaya Bea alikuwa ameshasimulia alichokiona, na watu wakaunganisha. “Ndiyo maana ule mutoto alimwaga,” wakasema. “Yeye iko na macho.” Maji yakimwagika hayazoleki, na chakula ni hivyo hivyo.

Wateja wakamkimbia Mama Zaina. Nilikuwa napita saa sita mchana, naona karai lake limejaa, mikate imepoa, vijana wa toleka wamehamia upande wa pili wa barabara. Siku moja akaniita kwa jina langu.

“Mapendo, watu wanasema nini juu yangu?”

“Sijui, mama.”

Nimetenda makosa mengi maishani. Hilo neno “sijui” ndilo ninaloliona aibu kuliko yote.

Aliyenikemea alikuwa Papa Ramazani, fundi cherehani aliyekuwa akishonea barazani kwa duka la tonton. Siku hiyo nilikuwa nafagia. Akasimamisha mguu wake, cherehani ikanyamaza.

“Bon. Nasikia ulimwaga chakula ya Zaina. Ilikuwa na sumu?”

“Hapana, papa.”

“Alors?”

Nikamweleza yote. Alikuwa mtu wa kwanza. Nikamletea na daftari, nadhani ili aone kwamba mimi ni mtu makini. Akavaa miwani, akafunua ukurasa baada ya ukurasa, polepole, hadi mwisho.

“Umeandika muzuri,” akasema. “Muhogo umeandika. Mafuta umeandika. Hata mwiko umeandika. Zaina umemuandika wapi?”

Nikalichukua daftari, nikalifunga.

“Mutu kuchunga tumbo yake, hakuna mubaya. Lakini wewe umechunga tumbo yako na jina ya mwenzako. Enda leo. Sema na mdomo yako, mbele ya watu.”

“Kesho, papa. Nijiandae kwanza.”

“Ngoja ngoja huumiza matumbo,” akasema, akikanyaga cherehani yake tena. “Na ya kwako iko mubaya tayari.”

Sikwenda siku ile. Nilitaka kulisema neno hilo bila dosari hata moja, kwa hiyo niliamua kuandika barua. Niombe radhi kwanza, au nieleze ugonjwa kwanza? Nikikosea herufi sikufuta, nilianza ukurasa mpya. Karatasi wakati wa vita ilikuwa adimu, nami nikawa nachana kurasa za lile daftari. Nilijiambia haraka haraka haina baraka. Mwanangu, mwoga hakosi methali ya kumtetea.

Siku ya nne nilikuwa na barua safi. Mlango wa Mama Zaina ulikuwa umefungwa kwa kamba. Mtu wa nyumba ya pili akaniambia ameondoka jana usiku kwa mtumbwi wa wavuvi uliopita kwa kujificha, ameteremka mto hadi Barumbu kwa binti ya dada yake anayeuza samaki. Hakuaga mtu. Angemuaga nani?

Nikaikunja ile barua, nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Nimewahi kuwa mbali na wazazi, nimewahi kulala njaa. Upweke wa pale mlangoni ulikuwa wa namna nyingine, kwa sababu ule niliutengeneza kwa mikono yangu.

Kesho yake nilikwenda kwenye kinu, ambako wanawake walipanga mstari na mabeseni ya muhogo mkavu. Yaya Bea alikuwemo. Nikasema vibaya, Kifaransa kikiniponyoka katikati. Nikasema chakula cha Mama Zaina hakikuwa na kitu. Nikasema mgonjwa ni mimi, ngano inaniharibu tumbo, niliogopa kusema.

Mama mmoja akasema, “Ugonjwa ya kukataa mukate? Alors, mukate yako utuletee sisi.”

Wakacheka. Na ule uvumi ulioharibu nyumba ya mtu ukafa hapo hapo, ndani ya kicheko kimoja. Ulihitaji dakika tatu tu za aibu yangu. Yaya Bea hakucheka. Alinishika mkono, akaniweka mbele ya mstari. “Kinu kimepanguswa asubuhi hii,” akasema. “Mapendo asage kwanza, mbele ya ngano.” Tangu siku ile nilikuwa nasaga wa kwanza. Mwaka mzima daftari langu halikuwa limenipatia unga salama.

Mto ulipofunguliwa, Mama Zaina alirudi. Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo, bila karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono yake magotini.

“Ungeniambia,” akasema, “ningekupa makemba. Ilikuwa pale pale, kwa moto. Makemba ingenishinda?”

Akanisamehe, nadhani. Miaka yote iliyobaki alinisalimia vizuri, akaniulizia habari za wazazi. Lakini hakunipikia tena, na mimi sikuthubutu kuomba.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Chakula chako kipo, usidanganywe na maduka ya wazungu yenye maboksi ya bei kubwa. Kula lituma ya ndizi za kupondwa, kula wali, kula kwanga ya muhogo na sombe na samaki wa mto. Muhogo nunua mkavu, mzima, usage asubuhi kinu kikiwa kimesafishwa, au utwange mwenyewe. Samaki wa kukaanga, uliza mafuta yalikaanga nini kabla yake. Hayo utayajua kwa mwezi mmoja. Lililo gumu ni hili: ukialikwa, sema mapema, sema kabla sahani haijaletwa, sema hata kama maneno yamepinda na watu watacheka. Aliyekupikia ana heshima yake ndani ya ile sahani. Usimwachie abebe siri yako bila kumuuliza. Na ukishakosea, nenda siku hiyo hiyo, kabla hujajiandaa.

Mungu akulinde tumbo na ulimi. Akupe majirani wanaouliza, akupe na ujasiri wa kuwajibu. Usikose kamwe mtu wa kuketi naye mkila.