Baba Lusike Alipoupa Uwanja Mgongo

Kuna Jumamosi moja ya usichana wangu ambayo bado naisikia masikioni, mwanangu, na naanza nayo kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nilicheka hadi nikalia kando ya uwanja kule Arlington, Texas.

Nilikuwa naishi kwa mjomba wangu Wafula, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, huko kwetu Kenya. Nyuma ya nyumba hizo palikuwa na uwanja wa raga, na timu ya reli ilikuwa dini ya pili ya mjomba. Mke wake alisema ni ya kwanza. Kisha wakubwa wakaiunganisha timu hiyo na timu ya makarani wa mjini, watu ambao mjomba aliwaita mikono laini. Siku ya mkutano alisimama mbele ya wote, akaapa kwamba hataukanyaga tena uwanja ule.

Na hakuukanyaga. Kila Jumamosi aliketi sebuleni, redio imezimwa, sikio limeelekea dirishani. Kelele zikipanda, ananituma mbio nikachungulie. Nikirudi ananiuliza, "Nani amefunga?" Mimi sikujua raga wala nini. Nilimwambia tu kwamba yule mrefu amekimbia, ameanguka na mpira, watu wamemkumbatia. Mjomba alifumba macho, akajitengenezea mechi nzima kutokana na hayo maneno yangu ya ovyo.

Jumamosi hiyo ninayokuambia nilijitia kumuunga mkono. Nikamwambia, "Mjomba, hata mimi siendi tena. Wale watu hawatufai." Nilidhani atanisifu, labda hata anipe cha kununulia mandazi. Badala yake alinikazia macho.

"Wewe nenda," akasema. "Unafikiri mimi bado nina hasira na timu? Hasira iliisha zamani, mama. Nilisema maneno makubwa mbele ya watu, na sasa naona haya kuyarudisha. Huo ujinga usiurithi."

Nilikwenda nikamletea habari ya mechi kama kawaida. Mjomba alikufa miaka mingi baadaye, hajarudi uwanjani hata mara moja, na uwanja wenyewe ulikuwa hapo nyuma ya jiko lake.

Sasa tuje Texas. Mimi na mume wangu Barasa, Baba Lusike, tulifika Dallas tukiwa bado na nguvu. Mimi nilikuwa nesi, yeye akaendesha malori. Wakenya wa kanisani kwetu walianzisha timu ya raga, wakaiita Ngiri, na walicheza ile raga ya watu kumi na watatu. Wengine watakueleza sababu za maana sana za kuchagua raga hiyo. Ukweli ni kwamba watu kumi na watano hatukuwahi kuwapata Jumamosi moja. Daima kulikuwa na wawili walio zamu hospitalini.

Wapinzani wetu wakubwa walikuwa Viboko wa Fort Worth. Huko walikuwa wamechanganyika, Wakenya kidogo, Wakongo, Warundi. Kwa miaka tuliwaonea kijicho kwa sababu ya winga wao mmoja, kijana wa Kirundi aliyekuwa akikimbia huku anacheka. Baba yake anaitwa Nestor, mzee mpole wa kufanya kazi kwenye ghala, ambaye alikuja kila mechi na mpaka leo hajui sheria za raga. Yeye hushangilia mtu yeyote anayeanguka.

Nikueleze na desturi yetu, maana kisa chote kimekalia hapo. Katika raga, mkimaliza kuumizana, mwenyeji humlisha mgeni. Wengine huko duniani hutoa mkate na soseji, basi. Sisi tuliifanya ikawa arusi. Tukicheza Dallas, Ngiri tunapika na Viboko wanakula. Tukienda Fort Worth, wao wanapika maharage yao na ndizi, nasi tunakula hadi dereva anaomba mtu mwingine ashike usukani. Wakija wa Houston, ambao husafiri saa nyingi barabarani, tunawalisha zaidi. Na mchoma nyama wa Ngiri, tangu mwanzo, alikuwa Baba Lusike. Hakuna aliyethubutu kumshikia koleo.

Mwaka wa 2018 mambo yakatulemea. Vijana walihamia Katy, karibu na Houston, na kwingineko kufuata kazi, wengine wakapata watoto, wengine magoti yakakataa. Ngiri hawakutimia kumi na watatu, na Viboko pia hivyo hivyo. Tukaitana katika ukumbi wa kanisa, na baada ya kelele nyingi ikaamuliwa timu ziungane. Jina jipya likawa Muungano, maana kila jina lingine lilikuwa na adui. Jezi ikawa ya rangi ya majivu, rangi ambayo haikumfurahisha yeyote, na nadhani ndiyo maana ilipita.

Hapo ndipo Baba Lusike aliposimama. Nilimvuta shati, nikachelewa.

"Sikizeni nyinyi," akasema. "Siku hiyo timu ya majivu itakapocheza, macho yangu haya hayataiona. Nimemaliza."

Binti yetu Lusike, aliyezaliwa huku na kukulia huku, akamnong'oneza, "Daddy, it's just a jersey." Kumwambia ni jezi tu kulikuwa kama kumwagia moto petroli.

Mwanangu, niliogopa, na sioni aibu kukwambia. Mgongo ulikuwa umemtoa kwenye malori. Siku za kazi alishinda nyumbani peke yake mimi nikiwa zamu, na Jumamosi ya raga ndiyo siku pekee aliyotoka, akapiga soga, akatukanana na wenzake kwa mapenzi. Marafiki zake wote walikuwa pale. Nilipomtazama ameketi kwenye kochi, sikio limeelekea dirishani ingawa huku kwetu Irving, kando ya Dallas, hakuna uwanja wa kusikia, nilimwona Mjomba Wafula. Nilijua kabisa ule mwisho ulivyo.

Sikumbembeleza. Kumbembeleza kungekuwa kumwambia ayarudishe maneno yake, na niliwahi kukaa na mtu aliyeshindwa kuyarudisha. Lakini sikuwa na dawa nyingine. Nilisali tu, nikasubiri.

Mechi ya kwanza ya Muungano ilikuwa dhidi ya Houston, na ikapangiwa Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, ili pasiwe na wa kununa. Asubuhi ile nilijitayarisha kwenda. Nilipofungua friji ya gereji kuchukua maji, nikakuta beseni limejaa nyama ya mbuzi, imeshapakwa chumvi na kitunguu saumu.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ya nyumbani," akasema, bila kunitazama.

Mbuzi mzima, kwa watu wawili! Nilifunga friji taratibu, nikaenda zangu.

Kule Arlington basi la Houston lilikuwa limeshafika. Watu wananyoosha miguu, watoto wanakimbiakimbia, akina mama wanasalimiana. Nikatafuta meza ya chakula, nikaiona meza. Chakula sikukiona. Kulikuwa na katoni za maji na pakiti moja ya chapati ambayo mtu alijiletea mwenyewe. Nikamwendea Nestor.

"Nestor, chakula kiko wapi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Mama Lusike, si munaleta nyinyi? Hapa Arlington ni upande wenu. Sisi tumekuja kama wageni, tumekuja na njaa kabisa!"

Nikawauliza wetu wa Dallas. Wao nao wakasema Arlington ni upande wa Fort Worth, na walikuwa wameacha kula tangu asubuhi wakisubiri yale maharage. Ona basi. Kwa miaka yote hiyo kila upande ulikuwa ama mwenyeji wa mwenzake ama mgeni wa mwenzake, na siku ya kwanza ya kuwa kitu kimoja, wote tukaja kuwa wageni. Watu wametoka Houston alfajiri, na hatuna hata kijiko. Wale wa Dallas na wale wa Fort Worth, ambao dakika chache kabla walikuwa wamesimama mbalimbali kama hawajuani, wakasogeleana wote wameinamisha vichwa. Aibu ile ilituunganisha kuliko mkutano wowote.

Nami nikaona upenyo. Nikachukua simu.

"Baba Lusike," nikasema, "wageni wa Houston wamefika na hakuna chakula."

"Aje hakuna? Nani alikuwa kwa duty?"

"Hakuna mtu. Kila upande ulijua ni ule mwingine."

"Kwa hivyo watu wame-drive kutoka Houston, na wata-drive kurudi, na njaa?"

"Ndivyo ilivyo."

Sikusema njoo. Jina la timu sikulitaja, wala jezi. Niliuma ulimi, mwanangu, na mimi kuuma ulimi ni kazi nzito.

"Mkaa mko nao?" akauliza.

"Hatuna."

"Nyinyi watu ni bure kabisa," akasema, akakata simu. Sijawahi kutukanwa nikafurahi vile.

Alifika mechi imeanza, pikapu imebeba jiko la kuchomea, mkaa na lile beseni. Alikuwa amevaa jezi yake ya zamani ya Ngiri, ya kijani, imembana tumboni. Hakumsalimia mtu. Akateremsha jiko, akaliweka kando ya uwanja, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hadi leo linasimuliwa: akaupa uwanja mgongo. Aliapa macho yake hayataiona timu hiyo, na hayakuiona. Alisimama ameelekea maegesho ya magari, anageuza nyama, huku watu ishirini na sita wakigongana nyuma yake.

Akina mama wa Fort Worth walikuwa wameshakimbilia nyumbani kwa mmoja wao aliyekaa karibu, wakarudi na sufuria za wali na ndizi. Nestor akajipa kazi ya kupepea moto. Mambo yakaanza kukaa sawa. Mara umati ukalipuka kwa kelele. Nikaona mabega ya mume wangu yanashtuka, lakini hakugeuka.

"Nani amefunga?" akauliza.

Nilikuwa tena msichana, mlangoni kwa mjomba, nahema.

Nestor ndiye aliyemjibu. "Ni yule mwenye kichwa kikubwa, muzee. Ameanguka na mpira pale mwisho."

"Wetu ama wa Houston?"

"Ee... nafikiri ni wetu. Ama ni wale. Wote wanachafuka."

"Ameanguka ndani ya mstari ama nje?"

"Mstari gani?"

Baba Lusike akavuta pumzi, akageuza nyama. Kelele zikapanda tena. Nestor, kwa moyo safi kabisa, akaendelea kutangaza: sasa mtoto wangu anakimbia, sasa mwenzake amempa mpira kwa mbele...

"Kwa mbele!" Baba Lusike akapaza sauti. "Raga hairushwi mbele, Nestor!"

"Lakini ameirusha, muzee, nimeona."

"Haiwezekani!"

"Ameirusha!"

Na hapo akageuka. Koleo mkononi, kipande cha nyama kikining'inia, akageuka mzima mzima kumwonyesha Nestor kwamba haiwezekani, na akakuta kijana wa Nestor amejitoa katikati ya watu wawili wa Houston, anakimbia, anacheka. Nikamwona mume wangu anasahau kila kitu. Alitupa koleo, akakimbia kando ya mstari na mgongo wake ule mbovu, akipiga kelele, "Enda! Enda kijana! Enda!" Kijana alipoanguka na mpira ndani ya mstari, mzee wa jezi ya kijani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuruka. Mimi nilikaa chini kwenye nyasi, nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena.

Mechi tulishindwa. Houston walitupiga vizuri, kisha wakala mbuzi wetu. Sehemu ya nyama iliungua, na hakuna aliyethubutu kusema. Hakuna pia aliyemkumbusha Baba Lusike kiapo chake, wala siku hiyo wala baadaye, na ninawaheshimu watu wale wote kwa hilo. Jumamosi iliyofuata aliondoka nyumbani mapema kuliko mimi.

Ulipokuja mwaka wa korona, akaugua kweli, akafungiwa chumbani. Wakati huo ndipo nilipoona nilivyookolewa. Sufuria za maharage zilikuwa zikiachwa mlangoni kwetu na watu wa Fort Worth, na Nestor alikuwa anaegesha gari nje ya dirisha la mgonjwa, anampigia simu, nao wanabishana kuhusu ule mpira uliorushwa mbele. Nikiwa jikoni nilimsikia mume wangu anakohoa, anacheka, anakohoa. Alipona. Bado wanabishana.

Basi mwanangu, ninachokuachia ni hiki. Ukipenda kitu na jina lake likabadilika, lilia jina, lakini usiwaache watu. Ukishasema neno kubwa mbele ya watu na hasira ikaisha, rudi upesi, watu husahau haraka kuliko unavyodhani. Na akiwa ni mwenzako aliyeapa, usimdai maneno yake. Mtafutie kazi ambayo haiwezi kufanyika bila yeye, umwite, kisha unyamaze.

Mungu akupe watu wa kukuwekea sufuria mlangoni, na siku utakapougeuzia uwanja mgongo, akupe Nestor wako wa kukutangazia mechi vibaya mpaka ugeuke.