Ciakuthii na Mshipa wa Shingo

Ruiri nzima ilimjua Ciakuthii kwa ng'ombe wake wa maziwa. Uzeeni, mkono ulianza kumfa ganzi na maneno kumpotea. Daktari mmoja wa Nairobi aligundua kuwa mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo ulikuwa umeziba karibu wote. Moyo wake haungestahimili dawa ya usingizi na kisu, kwa hiyo daktari aliamua kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja na kuutanua mshipa kwa ndani, mgonjwa akiwa macho.

“Mama, usinyamaze,” alimwambia. “Ukizungumza tutajua ubongo unapata damu.”

“Nizungumze nini?”

“Chochote unachokijua vizuri.”

Basi Ciakuthii akaanza kuwataja ng'ombe wake, kila mmoja na mamake. Akamsifu Makena, aliyeshinda kwenye maonyesho ya kilimo, na Kendi, ambaye maziwa yake yalimsomesha bintiye Karwirwa hadi chuo kikuu. Hakukwama kwa jina hata moja.

“Tumemaliza, Mama. Mshipa umefunguka.”

“Wewe ngoja,” akasema Ciakuthii. “Sijafika kwa hawa ninaowakamua sasa.”