Udongo Uliopikwa

Kazi yangu katika kituo cha utafiti wa korosho, Nachingwea, ilikuwa kuosha mizizi. Wapo fangasi wa udongoni wanaoishi ndani ya mzizi kwa kubadilishana: wao huleta fosforasi, mmea huwapa sukari. Wataalamu walitaka kujua ni jeni zipi za mkorosho zinazoamka fangasi hao wanapoingia. Nilipanda miche katika udongo wa kawaida na katika udongo uliopikwa, usio na kiumbe hai. Kila wiki niliandika jambo lile lile: ya udongo uliopikwa imedumaa. Jeni ilikuwa nazo zote, ila bila fangasi zililala tu.

Sasa tazama ujinga wangu.

Kule Ruangwa, Matambarale, mikorosho ya mama yangu ilikuwa imekauka karibu yote kwa mnyauko, ugonjwa ambao nao huletwa na fangasi wa udongoni. Kwa umri wake, Mama alijua hilo ndilo shamba la mwisho atakalopanda, akataka miche iwe tayari kabla ya mvua. Nilimkuta akijaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu: udongo, samadi, na konzi moja ya udongo wa chini ya mkorosho mzee unaozaa vizuri.

"Mama, utahamisha ugonjwa," nikamkataza. "Huu udongo tuupike."

Niliupika mwenyewe kwenye pipa, siku mbili, moshi wote machoni. Ule wa mkorosho mzee nikaumwaga.

"Haya," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Miche ikaota, ikafika urefu wa kiganja, ikagoma. Majani yakaingia rangi ya zambarau. Nilipokwenda likizo niliikuta kivulini, sawasawa na ile niliyokuwa naiandika kila wiki, na niliona aibu kweli. Nikamweleza yote, jeni na fangasi. Alisikiliza huku akiendelea kung'oa magugu kwenye viriba.

"Kwa hiyo, mwanangu, uliwaua wenzake mkorosho," akasema.

Mama alichukua beseni, akaenda kwa jirani ambaye mikorosho yake haijawahi kuugua, akarudi na udongo na kutia konzi moja katika kila kiriba. Mimi nilimshikia beseni tu.

Wiki kadhaa baadaye nilimwomba anitumie kipande cha mzizi. Kilikuja kwa basi, kimefungwa ndani ya mfuko wenye udongo mbichi. Nikakiosha, nikakitia rangi, nikakiweka chini ya hadubini. Nyuzi za buluu za fangasi zilikuwa zimejaa mzizini. Sikuandika popote, kwa sababu haikuwa sehemu ya utafiti. Nikampigia simu, nikamwomba radhi, nikamwambia fangasi wameingia.

"Najua, majani yamerudi kijani," akasema. "Tunapanda Jumamosi. Ushauri uache huko huko, njoo na jembe."