Mtoto wa Kapu la Ulezi

"Mama Ryoba, hivi bibi yako alizaliwa wapi hasa?" Waisiko, jirani yake, alimuuliza siku moja wakipepeta ulezi. Wegesa akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji. Watu wa mlimani na watu wa bondeni walihamishiwa kijiji kimoja, upande wa Morotonga, na waliorithishana uadui wakawa wanachota maji kisima kimoja. Aliyewatuliza ni katekista Benedicto, Mungu amrehemu, mzee aliyezunguka miaka mingi kwa miguu akiuliza habari za kale, hata kwa akina mama ambao hakuna aliyewahi kuwauliza. Alifundisha kwamba zamani haikuwa vita tu. Mwaka wa njaa kuu, watu wa bondeni walimtoa binti yao kwa watu wa mlimani, wakapewa kapu la ulezi, naye akazaa huko. Basi watu wa bondeni ni wajomba wa watu wa mlimani. Mpaka leo, pande zile, hata watoto watakusimulia hivyo.

Jina la binti hakulitaja. Alikuwa amemwahidi Wegesa, maana aliyenunuliwa kwa nafaka, uzao wake huchekwa mpaka kilabuni.

Asubuhi moja ng'ombe wa Ryoba, mwana wa Wegesa, hawakuonekana. Nyayo zikaelekea kwa watu wa bondeni. Yowe likapigwa, vijana wa mlimani wakaja na pinde.

"Damu ya mjomba haimwagwi, wanangu," Benedicto akasema, amesimama katikati ya njia.

"Mjomba gani? Tuonyeshe huyo mtoto wa kapu!" Ryoba akafoka. "Au ulimwota ukipiga kengele ya kanisa?"

Wakaangua kicheko. Mzee akainamisha kichwa, jina hakulitoa.

"Muongo!" wakamzomea, wakaanza kumpita.

Wegesa alikuwa anasali kimoyomoyo. Baba Yetu ikamkatikia njiani alipoona mgongo wa mwanawe unakwenda. Akakimbia, akamkinga mbele.

"Ryoba, mtoto wa kapu ni bibi yangu mimi. Huyo huyo aliyenilea. Ukapige sasa, umpige mjomba wako."

Waisiko akaziba mdomo kwa kanga. Upinde wa Ryoba ukashuka, lakini mama yake hakumtazama. Na ng'ombe bado walikuwa huko huko.

Wegesa akamgeukia katekista.

"Mzee Benedicto, naomba unisindikize kwa wajomba. Nikawaombe ng'ombe wa mwanangu."