Kibuyu cha Mama na Kanzu ya Idd

Nilipoletwa Temeke mke wa karani, niliapa kwamba mie na majivu basi. Kwetu Ugogo nilikuwa nimeyachoka. Tangu utotoni nilichekecha majivu, nikayachuja, nikakoroga sabuni ya mama kwenye moshi unaotoa machozi, na mikono yangu ilikuwa imekauka kama ya bibi kizee. Mume wangu aliponiletea mche wa kwanza wa sabuni ya dukani, niliunusa, nikaukata kwa uzi vipande vipande, nikavipanga juu ya sanduku ili mgeni akiingia avione kabla hajaniona mimi. Nilijiona nimefika mjini kwelikweli. Temeke yenyewe ya wakati ule ilikuwa minazi, mikorosho na nyumba za makuti zilizotawanyika, na ukitaka kuona gari unakwenda kulingojea barabarani. Lakini nani alijali? Nilikuwa na sabuni yangu.

Tulipanga chumba kimoja kwa watu wa pwani. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa chuo, mzee mpole aliyefundisha watoto Kurani barazani na kusalisha msikitini. Hivyo ndivyo watu walivyosema, kwamba nyumba ni ya mwalimu. Ukikaa siku mbili unajua ni ya mkewe. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mnene, msafi kupindukia, na sauti yake ilifika uani kabla yeye hajafika. Ole wako uache sufuria na masizi! Alinitazama kwa jicho la kando tangu siku ya kwanza, akaniita "mtoto wa bara," na ingawa nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa kupiga goti, marahaba yake ilitoka puani.

Kisha vita vya pili vikaingia, sabuni ikapotea. Unakwenda dukani, unaambiwa hakuna. Siku ikiwapo, watu wanasukumana mpaka kanga zinawavuka. Vipande vyangu juu ya sanduku vilikwisha kimoja kimoja, nami nilikuwa naviaga kama wasafiri. Mume wangu alifanya kazi bandarini, na karani wa zama zile alitakiwa shati jeupe na kaptura nyeupe iliyonyooka, la sivyo bwana mkubwa anamrudisha nyumbani mbele ya watu. Nilifua kwa maji matupu ya kisima, yale yenye chumvichumvi, nguo zikageuka rangi ya meno ya mlevi. Ikabidi nimeze kiapo changu. Nikapeleka salamu kwa mama, aniletee mafuta ya kupikia sabuni.

Mama alicheka, nina hakika alicheka. Mtu wa kwetu aliyeshuka na treni aliniletea kibuyu kikubwa cheusi kilichong'aa kwa kushikwa na mikono ya miaka mingi, kibuyu cha bibi yangu mzaa mama, kimejaa mafuta meupe yaliyoganda. Na ujumbe wa mdomo: "Mwambie sabuni ya dukani imekwisha, majivu hayajaisha."

Basi nikarudi kwenye majivu, kichwa chini. Nikapika sabuni ya kwetu, ile laini ya kahawia inayochotwa kwa kifuu cha nazi, na shati la mume wangu likarudi jeupe mpaka likaniumiza macho. Nilipolianika, Bi Mkubwa alisimama chini ya kamba akalishika kwa vidole viwili. "We mtoto wa bara, umeroga?" Nikamwambia ni sabuni ya nyumbani tu. Akaingia ndani, akatoka na kanzu nzuri ya mumewe, ile ya Ijumaa, yenye doa la tambuu kifuani ambalo lilikuwa limemshinda tangu mwaka uliopita. "Haya. Tuone."

Doa lilitoka. Ijumaa mwalimu akaenda kusalisha akiwa anang'aa, na Bi Mkubwa aliniitikia marahaba kwa mdomo mzima. Nilitembea uani siku ile nimevimba kichwa.

Kesho yake tulikuwa tumekaa tunachambua mchele, Bi Mkubwa, mie, na mke wa mchonga vinyago, mpangaji mwenzangu aliyetoka kusini, Mwislamu, mcheshi, rafiki yangu. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekwisha ingia, wenzangu wamefunga. Bi Mkubwa akauliza kwa uzuri tu, apate kujifunza.

"Mafuta unayapata wapi, mwanangu?"

"Mama ameniletea kutoka nyumbani, Bi Mkubwa."

"Mafuta ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Nani alimchinja?"

"Baba," nikasema, na neno lilipotoka tu nikatamani kulirudisha. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na mle ndani hakuna asiyejua.

"Lahaula!" Ungo ulikwenda huko, mchele huko. "Mume wangu kasalisha watu Ijumaa, kavaa mafuta ya kibudu! Mtoto wa bara, umeniua!"

Wallahi sikuwa na nia mbaya. Kwetu ng'ombe ni ng'ombe, akishaanguka anaulizwa nyama, haulizwi dua. Nilijua wenzangu hawali chakula cha nyama yetu, hilo nalijua, na sikuwahi kuwapa. Lakini nguo? Haikunijia hata kidogo kwamba nguo nayo yaweza kunajisika kwa kisu cha baba yangu. Nilijaribu kueleza. Nani anisikilize? Ilipofika alasiri, ng'ombe wa baba alikuwa amekwisha geuka nguruwe, na mtaa mzima ulikuwa unajua hata rangi yake.

Mwalimu mwenyewe alirudi, akasikia, akakaa kwenye mkeka. "Nguo huoshwa kwa maji ikatoharika," alisema taratibu, "na aliyetenda bila kujua hana lawama. Yameisha." Hayakuisha. Bi Mkubwa aliingia chumbani kwangu, akakichukua kibuyu, akaenda nacho hadi shimo la taka nyuma ya nyumba akakirusha. Nilisikia kikipasuka.

"Kile ni cha bibi yangu!" nilipiga kelele.

"Basi kamwokote bibi yako shimoni," akasema. "Na Idd ikipita nataka chumba changu."

Nililia kwa hasira mpaka kwikwi ikanishika. Nilikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limekwisha shuka, na vita vilileta watu wengi mjini kutafuta kazi, chumba hakipatikani hata kwa kuomba. Mume wangu alizunguka Temeke na Kinondoni kila akitoka kazini. Alirudi na vumbi tu. Mtoto angezaliwa wapi, barazani kwa watu?

Huku nyuma, Bi Mkubwa alikuwa na vita vyake. Hukumu ya mumewe haikumtosha. Kwangu alisikia ng'ombe, lakini mtaani alisikia nguruwe, basi aliifua kanzu kama ya nguruwe, maji mara saba, moja kwa udongo. Na kwa vile yeye hafanyi jambo nusu, hakutosheka na udongo wa uani, alikwenda kuuchota mwekundu, wa bondeni, akausugua mpaka ukaingia kwenye nyuzi. Kanzu ikawa tohara kabisa, na rangi yake ikawa ya uji wa mtama.

Alijaribu majani ya mpapai. Alijaribu kuipiga juu ya jiwe. Alimtuma kila mtu kutafuta sabuni dukani, hakuna. Mwalimu alisema, "Nitasalishia hiyo hiyo, Mungu hatazami nguo." Bi Mkubwa akamjibu, "Mungu hatazami, lakini wanawake wa Temeke wanatazama." Nami nilikuwa chumbani nasikiliza kanzu ikipigwa, pa, pa, pa, na nilifurahi. Nilifurahi sana. Kisha mtoto akanipiga teke, nikakumbuka kwamba Idd ya Bi Mkubwa ndiyo siku yangu ya kufungasha. Nikajifunga kanga vizuri, nikatoka.

"Bi Mkubwa, nazi ni halali?"

Akaniangalia kama niliyepagawa. "Swali gani hilo?"

"Na makumbi ya nazi, ukiyachoma, majivu yake ni halali?"

"Nini unataka, we mtoto?"

"Basi sabuni iko hapa hapa uani kwako imelala. Mafuta ya nazi, majivu ya makumbi. Utakuna wewe, utachuja wewe, utakoroga wewe. Mie sitagusa hata kijiko. Mikono yangu nitaifunga nyuma, nitasema kwa mdomo."

"Na wewe unapata nini?"

"Chumba changu."

Mke wa mchonga vinyago alikuwa anajifanya anachochea moto usiokuwapo. "Kwanza nione," akasema Bi Mkubwa.

Nilifunga mikono nyuma kwelikweli, kwa kitambaa, ili asitokee mtu wa kusema aliniona. Fikiri mwenyewe, mwanamke mwenye tumbo lile, mikono mgongoni, anatembea uani akiwaamrisha wenye nyumba! Makumbi yakachomwa yakawa majivu meupe. Wakatoboa chungu kikuukuu chini, wakatandika majani makavu, wakashindilia majivu. Bi Mkubwa akaja na ndoo ya maji ya kisima, nikapiga yowe. "Yana chumvi hayo! Ya mvua, ya kwenye pipa!" Akaguna, akayarudisha. Maji ya mvua yakapita majivuni, yakadondoka kahawia, tone kwa tone, mpaka asubuhi. Nikamwambia achovye unyoya wa kuku, tupime ukali wake. Unyoya ukayeyuka, akautazama kwa hofu, akauficha mkono wake nyuma ya kanga.

Wao wakakaa juu ya mbuzi wakakuna nazi, wakakamua tui, wakalipika mpaka mafuta yakajitenga. Watu wamefunga, na harufu ya nazi ikikaangika imejaa uani. "Mtoto wa bara anataka kutufungulisha," akasema mke wa mchonga vinyago, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ungo nikasikia watu wakicheka. Kisha mafuta na maji ya majivu vikakutana sufuriani, na Bi Mkubwa akashika mwiko.

Alikoroga. Ikabaki maji. Akakoroga. Ikabaki maji, mafuta yanaelea juu yakimcheka. Jasho lilimtiririka, na hata mate ya kumeza alikuwa hana. "Umenidanganya."

"Koroga."

"Mkono umekufa."

"Koroga, Bi Mkubwa!"

Sijui ile sauti niliitoa wapi. Nadhani ilikuwa ya mama. Hakuna aliyewahi kumkemea Bi Mkubwa, hata mumewe. Nikasubiri ule mwiko uje kichwani kwangu. Haukuja. Akang'ata meno akakoroga, na punde mwiko ukaanza kuwa mzito, ukaacha mstari nyuma yake, na sufuria nzima ikashikana laini, ya kahawia, ile ile ya kwetu, ila hii ilinukia nazi. Akauinua mwiko juu, akautazama unavyodondoka polepole. "Subhanallah," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Kanzu ililowekwa, ikasuguliwa, ikakamuliwa ndimu palipokuwa na udongo mwingi, ikatandazwa juani kwenye majani ikinyunyiziwa maji kila inapokauka. Ikasuuzwa kwa maji ya mvua. Bi Mkubwa aliiinua mikononi akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaingiza uso wake wote ndani ya kitambaa. Alipoutoa, alipiga kigelegele kilichowafanya majirani watoke wakidhani mie nimejifungua.

Asubuhi ya Idd mwalimu alitoka mlangoni, na nakuambia, mtaa uliamka mara ya pili. Wengine walivaa kanzu za kijivu za vita, maskini, sabuni hakuna. Yeye alikuwa mweupe pe. Wanawake wakamzunguka Bi Mkubwa: sabuni gani, shoga, umeipata duka gani? Nilikuwa nimesimama kizingitini nikisikiliza kwa masikio yote mawili.

"Duka!" akasema Bi Mkubwa. "Imepikwa hapa kwangu. Mwalimu wake yule pale." Akanionyesha kwa kidole chenye hina, mie, mtoto wa kisu cha mzee wa kanisa. Wakanigeukia wote. Nikajifunika uso kwa kanga.

Mchana aliingia chumbani kwangu na sinia la pilau, akalitua, akakaa kitandani bila kukaribishwa. Tukala. Nikaona bora nijichome mwiba mwenyewe.

"Bi Mkubwa, Idd ndiyo hiyo. Nifungashe?"

Akachukua muda kulamba vidole. "Mama yako bado ana vibuyu?"

"Anavyo."

"Mpelekee salamu. Mwambie akuletee kingine, kikubwa kuliko kile." Akasimama, akajitanda kanga, akafika mlangoni akageuka. "Lakini kitupu. Sabuni yetu haina pa kukaa."

Mama alikileta mwenyewe, kwa treni, akikipakata. Alifika nimekwisha jifungua katika chumba kile kile, na Bi Mkubwa ndiye aliyempokea mtoto kwa mikono yake. Mama alimkuta Bi Mkubwa uani anafua nguo za mjukuu wake, povu mpaka viwikoni.