Mtu wa Masikio

Wenzake walimwita Redio, kwa sababu visikilizi havikumtoka masikioni hata akienda bafuni. Kosa halikuwa lake peke yake. Mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi kiliwapa wanafunzi maswali ya kuchagua, kisha kikawapanga mafungu mafungu kama nyanya: hawa hujifunza kwa macho, wale kwa mikono, hawa kwa masikio. Yeye akaangukia masikio. Tangu siku hiyo hakuandika tena darasani. Alirekodi.

Sasa alikuwa amefeli somo la mwili wa binadamu, na mtihani wa marudio ulikuwa Jumatatu. Akianguka tena, anafunga virago.

Shida ni kwamba mhadhiri wa somo hilo alikuwa na kohozi lisiloisha. Alilivuta, akalizungusha kooni, akalimeza, kisha akaendelea na figo. Darasani lilisikika kwa mbali. Kwenye visikilizi lilimshukia Redio hadi utosini. Alilisikiliza akifua, akipiga pasi, akila, mpaka tonge likamkwama. Alijiambia dawa haiwi tamu, akabonyeza tena.

Jumamosi mwenzake wa chumbani, aliyekuwa akisomea ufamasia, alikuwa kitandani akisugua visigino. Akamwambia amweleze mkojo unatokea wapi.

"Damu inaingia kwenye figo," akasema Redio. "Inachujwa."

"Inachujwaje?"

Redio alifumba macho. "Hapa anakohoa. Halafu anasema kitu kuhusu sukari. Halafu anameza."

"Dada, watauliza mkojo, si makohozi."

Walicheka hadi kitanda kikalia. Redio alikumbuka kila kohozi na mahali pake; muhula mzima kichwa chake kilikuwa kitemeo cha mtu mwingine. Akachomoa visikilizi. Vilikuwa na nta ya manjano, na unywele.

Mfamasia akamwonyesha anavyofanya yeye: soma kidogo, funga kitabu, eleza kwa maneno yako, ukikwama fungua, funga tena.

"Lakini mimi ni mtu wa masikio."

"Hata mbuzi anayo."

Akaanza. Jaribio la kwanza lilimtia kinyaa kuliko kohozi: alifungua mdomo na ndani hamkuwa na kitu. Akafungua kitabu, akafunga. Akaueleza ukuta, akaieleza ndoo: maji na sukari huchujwa pamoja na taka, sukari hurudishwa kwenye damu, na maji mengi pia, taka hubaki na maji kidogo. Jumapili Mfamasia alimwomba huruma, akatoka nje.

Alifaulu, kwa tundu la sindano. Wenzake walipokwenda kumpongeza walimkuta ngazini, simu mkononi, akifuta rekodi moja baada ya nyingine, uso umekunjamana kama wa mtu anayetoa panya aliyeoza nyuma ya kabati.