Dawa ya Maji Niliyoiacha Ipae

Mimi ndiye niliyeng'oa kifuniko cha tangi. Hakuna upepo wa kusingizia, wala fundi. Nilipanda juu ya bafu, pale tangi lilipokaa, nikakitoa, nikakificha chini ya kitanda na kujiona nimevumbua kitu.

Sababu ilikuwa chai. Mama alikuwa amekuja kuishi nami Embu mjini kutoka Kiambere, miguu yake ilipokataa kuteremka mtoni. Nilikuwa nimembembeleza mwezi mzima. "Huku maji yanakuja yenyewe," nilimwambia. "Yamechujwa, yametiwa dawa. Kazi yako ni kufungua mfereji tu." Alipoonja kikombe cha kwanza, alikiweka chini.

"Baba," akasema, maana nilipewa jina la babake na hakuwahi kuniita vingine, "chai yako inanuka wadi ya hospitali."

Mtu asiyetoka nyumbani huwa na wakati mwingi wa kufikiri, na hiyo ndiyo hatari yake. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye redio. Nikafikiri: tangi likikaa wazi juani, dawa itapaa na harufu yake. Na kweli, baada ya siku chache chai ikawa chai. Mama akanywa vikombe viwili, akanisifu, nami nikatembea uani nimetoa kifua.

Kwake Kiambere alichemsha kila tone. Hata kwangu aliuliza, "Haya ya kumezea vidonge vya presha hatuchemshi?"

Nikamcheka. "Mama, hapa ni mjini."

Haukupita muda, tumbo likamwendesha siku mbili mfululizo. Nilimpeleka hospitali akiwa mwepesi mikononi mwangu kama nguo. Kutoka hapo nikaenda ofisi ya maji, nikapiga kelele hadi askari wa mlangoni akanionea huruma. Kesho yake wakamtuma mpimaji, dada mmoja mpole mwenye sanduku la chupa. Akakinga maji penye mita, bomba lao linapoingia ploti, akatia kidonge kidogo. Maji yakageuka waridi. Akaja jikoni, kwenye mfereji unaotoka tangini, akatia kingine. Maji yakabaki meupe vilevile.

"Unaona!" nikamwambia. "Yenu ndiyo yana rangi. Yangu ni safi."

Hakucheka. "Mzee, hiyo waridi inaonyesha dawa ipo. Tukishachuja maji ya mto tunaitia, na tunahakikisha inabaki kidogo ya kuyalinda njiani mpaka kwenye kikombe. Yako imekwisha. Tangi lina kifuniko?"

Nikamwonyesha chini ya kitanda. Alipanda mwenyewe, na aliposhuka alisema tu kwamba mna manyoya na kinyesi cha njiwa, na kwamba nisinywe kitu.

Mchana huo Mama alikuwa bado anatambua watu. Nilikaa kando yake nikitafuta namna ya kumwambia, nikaishia kumuuliza kama anahisi baridi.

"Nikitoka hapa unipikie chai," akasema. "Ile yako isiyonuka."

Nikasema ndiyo. Asubuhi iliyofuata wakanipigia simu.

Tulimzika Kiambere. Watu walinishika mkono, wakasema nilimtunza kuliko binti. Niliitikia asante, asante, kama mwizi anayechangiwa nauli.

Niliporudi mjini, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwalimu mstaafu ambaye ulimi wake haujastaafu, alikuja kunipa pole na sahani ya mukimo. Siku ya mpimaji alikuwa amesimama ukutani, akiona yote. Hata hivyo nilianza kumweleza, macho yakiwa sakafuni, kwamba maji ya mji huu, ukweli usemwe, hayaaminiki.

Akaweka sahani mezani.

"Wacha uongo. Maji walikuletea safi mpaka mlangoni, wewe ndiye uliyeyaharibu. Kula, halafu uje uoshe hilo tangi."